Senje wa Malaba

Meseji iliingia saa nne asubuhi, samaki wanne wa mgongo wazi, wale wa mifupa waliokwisha tolewa minofu, wakiwa kwenye mafuta. Roselida aliisoma kwa jicho moja, maana lile lingine lilikuwa limefumbwa na moshi.

"Senje leo nimekula uji na yai moja. Jana nimelala bila kushtuka. Ile kuhesabu pumzi imenisaidia kweli. Asante kwa kunisikiza. Wewe ndio mtu pekee naweza kuambia."

Aliyeiandika ni Sharlyne, mtoto wa marehemu kaka yake Oduori. Roselida alikuwa amemlea tangu darasa la tatu, na sasa msichana alikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha Malaba, akisomea mambo ya lishe. Senje ni dada ya baba, na kwao Funyula hilo si jina la kuitana tu. Msichana akianza kuona siku zake, akipata mchumba, akiumwa mahali pasipoonyeshwa mama, kwa senje ndiko anakopeleka. Roselida alikuwa na wavulana wawili, wote wameoa na kuhamia Nairobi, na maisha yao yote hawakuwahi kumwambia siri kubwa kuliko kwamba sukari imeisha. Kwa hiyo tangu Sharlyne alipoanza kuwa mwari, Senje wake alikaa mkao wa kungoja. Alingoja siri jinsi mwenye nyumba anavyongoja mgeni aliyesema yuko njiani: maji yamechemka, kiti kimepanguswa. Miaka ikapita, maji yakapoa, siri haikuja.

Na leo hii hapa, sokoni Busia, mchana kweupe.

"Brendah! Hebu kuja usikie vile mtoto ananiambia."

Brendah aliuza nyanya kibanda cha pili. Alikuja akijifuta mikono, na Roselida akamsomea meseji kwa sauti ya kusomea watu wa nyuma kanisani. Akairudia pale penye "mtu pekee." Dereva mmoja wa lori aliyekuwa anangoja samaki wake alilazimika kusikia pia.

"Ni vizuri," Brendah alisema. "Na hiyo kuhesabu pumzi ni nini?"

"Ni ile tu. Ya kuhesabu pumzi."

"Ulimfundisha lini?"

Roselida alikuwa amempigia Sharlyne Jumapili, kama Jumapili zote, saa saba baada ya kanisa. Walivyoongea hakukumbuka vizuri. Alichokumbuka ni kwamba alipitisha simu kwa watu sita ili wamsalimie Daktari, jina alilompa mtoto pale sokoni.

Simu ikalia tena mkononi. Meseji ya pili ilikuwa fupi.

"Lakini Senje wa Busia bado sijamwambia. Naogopa."

Hii Roselida aliisoma kimya. Lakini Brendah alikuwa ameshainama begani kwake, na Brendah hakuwa mtu wa kusoma kimya.

"Senje wa Busia," alisema polepole. "Si ni wewe?"

"Ni mimi."

"Sasa kama wewe ndio wa Busia, hii meseji ilikuwa inaenda kwa wa wapi?"

Mafuta yalichacharika. Dereva alikohoa kidogo, akaangalia pembeni kwa adabu ya mwanamume aliyewahi kutuma meseji mahali pasipofaa.

"Mama Quinton," Brendah alisema, na midomo yake ilikuwa inajitahidi sana isicheke, "pole, dada. Umeletewa mke mwenza."

"Oduori alikuwa na dada mmoja. Mimi."

"Basi huyo mwingine ameolewa usenje kimya kimya. Mpigie mtoto umwulize."

"Nikipiga atanyamaza."

Roselida alijifuta kidole cha shahada kwenye aproni. Hakuwa mtu wa meseji, alikuwa mtu wa kupiga, na ndiyo maana Sharlyne hakuona maandishi yoyote ya zamani ya kumshtua kwamba ameingia kwa Senje asiye wake. Aliandika herufi moja moja, ulimi ukiwa umetokeza kona ya mdomo: "Kwa nini unamwogopa." Alama ya kuuliza hakuiweka, hakuwahi kujua inakaa wapi kwenye simu ile.

"Uwii!" Brendah alirudi nyuma hatua moja. "Mama Quinton, huo si wizi?"

"Wizi wa nini? Yeye ameandika Senje. Mimi si Senje?"

Jibu lilikuja. "Si nilikuambia Alhamisi."

"Niambie tena nimesahau," Roselida aliandika.

"Senje unasahau aje na huwa unaandika kila kitu kwa kile kitabu chako."

Baada ya hapo Sharlyne hakuandika tena. Roselida alibaki ameshika simu. Kumbe huyo mwenzake ana kitabu! Yeye hakuwahi hata kufikiria kitabu. Miaka kumi na moja ya kumsuka yule mtoto, kumfulia, kukaa naye malaria ikipanda, na hakuandika neno hata moja, alidhani yote yameingia moyoni na yatakaa. Mwingine amekuja na kalamu, amechukua.

"Mama," dereva alisema, "hiki ni samaki ama ni makaa?"

"Kama hutaki, nenda ukale kwa Senje wa Malaba!" Roselida alimjibu, na maskini yule mtu hakujua hadi leo alikosea wapi. Neno Malaba lilimtoka tu Roselida. Alipolisikia kwa masikio yake mwenyewe akajua ni kweli, huko ndiko mwizi anakokaa.

*

Okwara, mume wake, alishonea madereva maturubai. Jioni hiyo, jua bado liko juu ya mabati ya Burumba, mtaa wao, alikuwa ametandaza turubai la kijani uwanjani, yeye mwenyewe kaketi katikati yake na sindano ndefu.

"Okwara. Kwa ukoo wetu kuna masenje wangapi?"

"Nyinyi watu wa Funyula mko wengi, nitajuaje?"

"Wa tumbo moja na Oduori."

"Ni wewe tu." Alivuta uzi. "Na umetutosha."

Roselida alimweleza habari ya meseji mbili. Ile ya kwamba alijibu aliiruka, kama mtu anavyoruka dimbwi. Kisha akaanza kumweleza huyo mwanamke, ambaye hakuwahi kumwona, na alimweleza vizuri kabisa: ni mrefu, mwembamba, ana mwanya, ana kucha za kubandika, anaongea polepole na Kiingereza kikiwa katikati. Na hanuki samaki. Alipofika hapo Roselida alinusa vidole vyake. Alikuwa amevisugua kwa limau mara mbili, na bado mgongo wazi ulikuwa pale.

"Labda ni mtu wa chuo," Okwara alisema. "Siku hizi wanawekewa watu wa kuongea nao. Kaunsela."

"Wa kuongea nao nini? Mimi sina mdomo?"

Okwara aliitazama sindano yake kwanza.

"Mdomo unao," alisema. "Labda mtoto anatafuta masikio."

Siku hiyo Okwara alikula samaki walioungua, na hakuuliza kwa nini.

*

Kesho yake, Jumanne, Roselida alifika sokoni na simu ikiwa kifuani badala ya mfukoni. Saa tano ikalia.

"Senje fomu ya kuahirisha mtihani mwisho ni Ijumaa. Bila sahihi ya mlezi jina langu linatolewa narudia mwaka mzima. Na nikimwambia nimekosa darasa wiki tatu itabidi nimwambie kwa nini. Nimwambieje?"

Roselida alikaa juu ya mtungi wa mafuta. Wiki tatu! Na Jumapili mtoto alimwambia yuko sawa, masomo yako sawa, kila kitu kiko sawa. Alisoma tena mpaka neno la mwisho. Nimwambieje. Lilikuwa ndilo swali ambalo senje yeyote huishi akilingoja, na lilikuwa limeulizwa mtu mwingine.

Basi akalijibu. Ilimchukua dakika ishirini, na wateja wawili waliondoka.

"Mwambie ukweli wote leo leo. Huyo mama amekulea kwa shida. Anakupenda kuliko watu wa ofisi. Ni mama mzuri sana na mrembo."

Alifuta "na mrembo." Akairudisha. Akaifuta tena, akatuma.

"Wewe ulisema nisijisukume," Sharlyne alijibu. "Ulisema nitasema nikiwa tayari."

"Nimebadilisha mawazo."

Muda ulipita. Roselida aligeuza samaki mmoja mara nne. Halafu ikaja ndefu, ikajaza kioo chote.

"Yeye si mbaya Senje. Ni simu yake. Jumapili saa saba ikilia mikono inatetemeka kifua kinabana nakimbilia choo. Anapea soko nzima simu wanisalimie Daktari Daktari. Mimi si daktari. Mimi ni wa lishe na mtihani wa kwanza nilipita kwa alama mbili. Sijui nikianguka atawaambia nini hao watu wote. Siku hizi hata Jumamosi siwezi kula."

Mtu mwingine angeinama hapo. Roselida naye angeinama, kama maneno yale yangekuwa yameletwa kwake. Lakini yalikuwa yameletwa kwa mwenye kitabu, na kwa hiyo kabla hayajamwuma yalimkasirisha. Kumbe wanakaa huko Malaba, wawili, wanamjadili! Kumbe simu yake ya Jumapili imeandikwa kwenye kitabu kama ugonjwa!

"Unamsingizia," aliandika. "Kama hakupendi kwa nini anakupigia kila wiki."

"Hata wewe umeanza kuongea kama yeye."

Na baada kidogo: "Basi. Alhamisi sitakuja."

Mungu amsamehe Roselida, kitu cha kwanza alichosikia moyoni kilikuwa furaha. Alisimama, akapiga kofi moja pajani.

"Brendah! Amemwacha!"

"Nani amemwacha nani?"

"Mtoto. Amemwacha yule mwanamke. Haendi tena."

Brendah aliomba simu, akasoma zote kutoka juu hadi chini. Hakucheka hata mara moja, na Brendah alikuwa mtu wa kucheka kwenye matanga. Akamrudishia.

"Sasa huyo mwingine umemfukuza," alisema. "Na wewe anakuogopa. Mtoto amebaki na nani?"

Roselida aliuza samaki wawili akijifanya hajasikia. Alipomaliza kumfungia wa pili kwenye gazeti, alipiga namba ya Sharlyne. Imezimwa. Akapiga jioni. Imezimwa. Jumatano imezimwa. Alhamisi aliacha kupiga kwa sababu sauti ya yule mwanamke wa kwenye mtambo, anayesema mteja hapatikani, ilikuwa imeanza kufanana na sauti ya Senje wa Malaba.

"Nenda," Okwara alimwambia Alhamisi jioni.

"Nitaenda kumwona mtoto."

"Nenda tu. Utamwona utakayemwona."

*

Ijumaa asubuhi aliingia Malaba na mkebe wa samaki waliokaangwa vizuri na gauni lake la Pasaka. Malori yalikuwa yamepangana hadi macho yanapokoma, na wabadilishaji pesa walimwita "nnyabo," yaani mama, wakidhani ametoka ng'ambo ya mpaka. Getini aliulizia kaunsela. Mlinzi akamwuliza, "Unamaanisha kwa Senje?" na Roselida akampita bila kusema asante.

Mlango ulikuwa na kibao cha mbao: KITENGO CHA USHAURI NASAHA NA USTAWI WA WANAFUNZI. Chini yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino mzito, Kwa Senje.

Aliingia bila kubisha, hotuba ikiwa tayari mdomoni. Akamkuta mwanamke mfupi, mnene, wa umri wake yeye, amevua viatu chini ya meza na anakula njugu karanga kutoka kwenye karatasi. Mwanya hana. Kucha za kubandika hana. Kisigino kimoja kilikuwa kimepasuka vibaya kuliko cha Roselida. Ilimsumbua sana hiyo, maana alikuwa amejiandaa kushindwa na mtu mrembo.

"Karibu, mama. Mimi ni Bridgit Etyang."

"Wewe ni dada ya Oduori?"

"Oduori yupi?"

"Anauliza Oduori yupi! Baba yake Sharlyne! Senje ni dada ya baba. Sasa niambie, wewe na Oduori mlizaliwa nyumba gani, na mimi nilikuwa wapi siku hiyo?"

Bridgit aliweka njugu chini. "Mama, mimi hata si Mluhya. Mimi ni Mteso wa hapa Amagoro. Hilo jina walinipa watoto. Waliona kile kibao hapo nje, wakasema ukionekana unaingia hapa, watu watasema umekuja kupimwa ukimwi ama umerukwa na akili. Mwaka mzima nilikaa hapa na viti. Halafu msichana mmoja akawaambia wenzake, 'Naenda kwa senje wangu.' Hakuna mtu anachekwa kwa kwenda kwa senje. Kesho yake wakaja watatu. Mimi nikaacha jina likae."

"Ukaacha likae. Jina la watu."

"Niliacha, ndiyo."

"Sharlyne alikuambia nini?"

"Siwezi kukuambia, mama."

"Mimi ndiye mlezi!"

"Siwezi hata kukuambia kama alikuja ama hakuja. Kinachosemwa kwa hicho kiti ni cha aliyekikalia."

Roselida alikitazama kiti. Cha plastiki, cha bluu, mguu mmoja umefungwa waya. Na pale mezani, kando ya njugu, kulikuwa na kitabu, daftari la kawaida la kurasa mia lenye jalada jeusi. Mkono wake ulienda. Bridgit hakupiga kelele, aliweka tu kiganja chake juu ya jalada, na kwa muda viganja viwili vya wanawake wazima vilikaa juu ya daftari moja, kimoja kinanuka samaki, kingine njugu.

"Sihitaji kitabu," Roselida alisema hatimaye, akiuondoa mkono. Sauti ilikuwa imepungua. "Alishaniambia mwenyewe. Alidhani ni wewe."

Akatoa simu, akaiweka mezani. Akaeleza kila kitu, na "na mrembo" pia, iliyofutwa mara mbili. Ni vigumu kuungama kwa padri, lakini padri angalau hujamwonea wivu. Bridgit hakuigusa ile simu. Alisikiliza mpaka pale penye "Alhamisi sitakuja," na hapo akaanza kutafuta viatu kwa miguu, haraka, bila kuangalia chini.

"Simu imezimwa tangu lini?"

"Jumanne."

"Sasa najua kwa nini kuna mlango jana ulikataa kunifungukia," Bridgit alisema. "Twende, mama. Lakini hayo utamwambia wewe mwenyewe, kabla hujamwambia kitu kingine chochote."

*

Chumba cha Sharlyne kilikuwa mwisho wa baraza la hosteli. Roselida alibisha.

"Ni nani?"

"Senje."

Nyuma ya ubao, ile sauti aliyoilea tangu darasa la tatu ikauliza: "Yupi?"

Wanawake wawili walitazamana.

"Wote wawili," Roselida alisema.

Komeo lilitoka. Sharlyne alikuwa amekonda mashavuni, nywele zimefumuliwa nusu na nusu zimeachwa, kama mtu aliyechoka katikati ya kazi. Alimwangalia Roselida, akamwangalia Bridgit, na kifua chake kikaanza kupanda.

"Zile meseji," Roselida alisema kabla woga haujamrudisha Busia. "Za Jumatatu na Jumanne. Zilikuja kwangu. Aliyejibu ni mimi. Huyu hakujua lolote, hajabadilisha mawazo, hajaandika hata neno moja. Ni mimi."

Sharlyne alizipitia kichwani moja moja.

"Ile ya 'huyo mama ni mzuri sana,'" alisema mwishowe. "Ulijiandikia mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Senje!" Alicheka, kicheko kibaya kilichopanda juu na kushindwa kushuka. Kikageuka kilio, kilio kikakata pumzi. Mikono ilianza kutetemeka, ile mikono ya saa saba ya Jumapili, na sasa Roselida aliiona kwa macho yake. Aliweka mkebe chini, akapiga hatua kumshika. Sharlyne akarudi nyuma. Mkono wake ukanyooka, ukampita Senje wake kando ya bega, ukamshika yule mwingine.

"Tuhesabu," Bridgit alisema. "Vuta. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Achilia polepole."

Walihesabu. Roselida, aliyebaki amesimama na mikono mitupu, akajikuta naye anahesabu kimoyomoyo, ili kama siku moja ataulizwa na Brendah awe anajua.

Mikono ilipotulia, Sharlyne alisema bila kumwangalia: "Senje wa Busia, naomba ungoje nje."

Alingoja nje. Aliketi kwenye ngazi za saruji, mkebe magotini, mlango umefungwa nyuma yake. Kupitia ubao zilisikika sauti mbili, ile nyembamba ikiongea sana, ile nene ikiongea kidogo. Maneno hayakusikika. Aliegemea nyuma kidogo, kisha kidogo tena, mpaka sikio likawa karibu na mbao. Akajiona. Akainuka, akashuka ngazi mbili chini, akaketi huko. Wivu ulikuwa umekaa palepale kwenye mbavu, haukupungua hata kidogo. Alichoweza kuhamisha ni sikio tu.

Wasichana wawili walikuja wakiharakisha, mmoja macho mekundu.

"Mama, shikamoo. Tumeambiwa Senje amekuja huku?"

Roselida aliwatazama. Ilikuwa rahisi tu kusema, Senje ni mimi. Hata isingekuwa uongo.

"Senje yuko na mtu," alisema. "Kaeni hapa mngoje. Mmekula?"

Akafungua mkebe.

Bridgit alipotoka, mkebe ulikuwa na samaki mmoja na wasichana walikuwa na mafuta midomoni. Alimpa Roselida fomu na kalamu. Roselida aliijaza juu ya kifuniko cha mkebe. Jina la mlezi. Nambari ya kitambulisho. Uhusiano na mwanafunzi. Hapo alikwama kidogo, akaandika, "Senje." Akaangalia neno likikaa peke yake pale, akaongeza, "wa Busia." Sahihi.

Sharlyne alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga leso.

"Jumapili usipige," alisema.

"Sitapiga."

"Na usinitafutie mtu wa kunisalimia."

"Sitatafuta." Roselida alinyoosha mkebe. "Amebaki mmoja. Wengine wamekula hawa."

Sharlyne alimtazama samaki, hakumchukua. Lakini mkebe aliuchukua.

*

Jumapili saa saba Roselida alikuwa uwanjani Burumba, simu juu ya turubai la Okwara, mbele yake, kama kuku aliyefungwa miguu. Brendah alikuwa amepitia kutoka kanisani.

"Leo humpigii Daktari?"

"Anaitwa Sharlyne."

Brendah akamwangalia Okwara. Okwara akaiangalia sindano.

Saa saba na robo. Saa saba na nusu. Roselida alishika simu mara tatu na kuirudisha mara tatu. Alifikiria kwamba saa hii huenda mtoto anamwandikia yule mwingine, kwamba leo moyo wake umetulia kwa sababu simu haikulia, na yule anaandika hilo kwenye daftari jeusi. Akavuta pumzi. Moja, mbili, tatu, nne. Haikumsaidia sana, lakini alifika hadi nne.

Saa nane kasoro kidogo simu ikatikisika juu ya turubai.

"Senje leo nimekula. Wali na yule samaki wako. Nusu."

Aliisoma mara mbili. Moyo ulikimbilia furaha, akaukamata njiani, maana alishafika huko Jumatatu na alirudishwa. Alijifuta kidole kwenye gauni. Brendah alinyoosha shingo, naye akamgeuzia mgongo.

"Hii ni ya Busia," aliandika. "Labda ulitaka ile ya Malaba."

Akatuma. Okwara alivuta uzi, akaukata kwa meno. Jua lilikuwa limefika kwenye kona ya turubai jibu lilipoingia, neno moja tu.

"Najua."